Kwenda saa 15, kurudi saa 14: njia ni moja, hiyo saa moja imeliwa na nani?

MlalaBaraza (Amu)

Assalaam aleikum jamaa. Nina mzozo wa halua kilo mbili na sitaki kuilipa kijinga.

Juzi baada ya isha tulikuwa barazani Mkunguni, hapa Amu (Lamu), mbele ya Ngome, kama kawaida yetu. Nikatoa tiketi ya mama. Dada yangu amejifungua New York, na mama ameapa mtoto hatimizi arubaini kabla hajampakata. Tiketi ikazunguka mkono kwa mkono kama picha ya harusi. Fundi mmoja wa mashine za boti akaiangalia sana, akaigeuza, akairudia, kisha akasema: "Hebu ngojeni. Nairobi kwenda New York saa 15. Kurudi saa 14. Kwani wakati wa kurudi wanajua uchochoro?"

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kijana mmoja, tunamwita Injinia ingawa hajajenga hata banda la kuku, akasema ni kwa sababu dunia inazunguka. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea bakora yake akasema neno moja tu: "Upepo." Akanyamaza. Injinia akacheka mpaka akakohoa: ndege ya tani mia mbili na kitu ipelekeshwe na upepo kama ngalawa? Tukawekeana halua kilo mbili. Mimi, kwa heshima ya ule mvi, nikasimama upande wa upepo.

Sasa nataka kujua mambo matatu. Nairobi na New York ziko mbali kiasi gani hasa. Hiyo saa moja imekwenda wapi. Na la tatu ndilo linaloniumiza kichwa: mama ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na akiuliza "safari ni ya saa ngapi" nimjibu nini? Maana mimi nimeshamwambia saa 15 na naona kama nimemdanganya.

MpishiWaShela (Shela)

Halua ya wapi kwanza? Isije ikawa ile ya sukari tupu, mnagombana bure.

InjiniaMwenyewe (Amu)

Nimeletewa uzi huu na watu wasionitakia mema. Wacha nijieleze mwenyewe. Dunia inazunguka, hakuna anayebisha. Hapa kwetu karibu na ikweta ardhi inakwenda kilomita 1,670 kwa saa. Ndege ikishapaa, dunia huku chini haisimami kuingoja. Upande mmoja mji unakufuata, upande mwingine mji unakukimbia. Tofauti ya saa moja ndiyo hiyo. Halua niifuate lini?

MwalimuRamani (Malindi)

Injinia, hiyo 1,670 umeipata sawasawa, na kama ungekuwa darasani kwangu ningekupa alama. Ila umeiacha njiani. Ifuate mpaka mwisho wake.

Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Mama anaelekea magharibi. Kwa hoja yako, New York ingekuwa inakuja kumlaki huku naye anaifuata. Kwenda kungekuwa kufupi, kurudi ndiko kungekuwa kurefu. Tiketi inasema kinyume. Umejifunga bao.

Tena kama hoja hiyo ni kweli, hapa Malindi tusingehangaika na nauli. Tungepanda helikopta, ipae juu ya uwanja, itulie hewani dakika 14 tu, kisha ishuke. Ingeshuka Arusha. Angalia ramani: Malindi na Arusha ziko karibu katika latitudo moja, zimepishana longitudo nyuzi tatu na nusu hivi, na dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Fanya hesabu. Mbona hatuendi Arusha kwa kukaa hewani?

Hatuendi kwa sababu hewa nayo inazunguka pamoja na dunia. Panda basi la Mombasa, lichapuke mpaka madirisha yalie, halafu rusha tende juu. Itakurudia kiganjani, haitampiga abiria wa kiti cha nyuma. Hewa ya ndani inakwenda na basi, na tende ilishakuwa na mwendo wa basi kabla hujairusha. Ndege nayo hivyo hivyo.

Kuhusu umbali: Nairobi mpaka New York kwa mstari mfupi kabisa ni kama kilomita 11,840. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya hapo ilikuwa lazima uteremke Ulaya, Uarabuni au Addis ubadilishe ndege.

Kuna hesabu ya haraka ninayowapa wanafunzi. Chukua kilomita, gawa kwa 850, ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Nairobi mpaka Dubai ni kilomita 3,560: inakuja karibu saa tano. London ni 6,840: saa nane na nusu. New York inakuja saa 14 na nusu hivi. Upepo ndio unaoisogeza hiyo mbele au nyuma. Nitarudi nieleze, nina madaftari ya kusahihisha.

MjukuuWaNahodha (Matondoni)

Nimemsomea babu uzi huu wote. Macho yake hayaoni tena maandishi ya simu lakini masikio mazima. Alikuwa baharia wa majahazi, akawa nahodha. Anasema niandike kama anavyosema, nisipambe.

"Ndia ni moya, pepo ni mbili. Sisi hatukuuliza Maskati ni maili ngapi. Tuliuliza ni msimu gani. Majahazi ya Waarabu huja huku na kaskazi, Disemba mpaka Machi. Hurudi na kusi ikianza, Aprili, au hungoja ishe makali mwezi wa nane. Katikati, Juni, Julai, hakuna mwenye akili anayetoka, bahari imefunga. Bahari ni ile ile. Ukitoka na upepo wa tezi, unalala, chombo kinakwenda chenyewe. Ukitoka na upepo wa omo, utapiga bisho kulia, utapiga bisho kushoto, jioni unaona mnara ule ule uliouona asubuhi. Sasa huyo kijana anataka kusema ndege haina omo?"

Kwa wasiojua, omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na kupiga bisho ni kwenda upande upande ukipambana na upepo wa mbele.

Nikamwambia babu, lakini ndege ina mashine. Akanijibu: "Na jahazi la mashine hulioni likipambana na kusi pale mlangoni Shela? Linakwenda, lakini linakula mafuta na linachelewa."

InjiniaMwenyewe (Amu)

Shikamoo babu. Namheshimu. Lakini jahazi liko juu ya maji. Ndege iko kilomita kumi juu. Kusi haifiki huko.

MwalimuRamani (Malindi)

Madaftari yamekwisha.

Kusi haifiki, kweli. Lakini huko kilomita kumi juu kuna upepo wake, na huo ukiuona utaiheshimu kusi yetu kwa upole wake. Ni mkondo mwembamba wa hewa unaozunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki, kilomita tisa mpaka kumi na mbili juu, kule kule ndege zinakopita. Chanzo chake ni tofauti ya joto kati ya huku kwetu na ncha za dunia, pamoja na huo mzunguko wa dunia ambao Injinia anaupenda. Kwa hiyo Injinia, dunia kuzunguka kumo ndani yake, ila kumeingia kwa mlango wa nyuma. Sikupi halua kwa hilo.

Wakati wa baridi ya Ulaya na Marekani mkondo huo huwa mkali zaidi, na mara nyingine hupita kilomita 300 kwa saa. Mjapani mmoja, Wasaburo Ooishi, aliupima kwa kurusha maputo miaka ya 1920. Dunia haikumsikiliza sana mpaka marubani wa Vita vya Pili walipokutana nao wenyewe, wakashangaa ndege zao zinakwenda lakini ardhi chini haisogei.

Ukitaka ushahidi usiobishika: Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York mpaka London kwa saa 4 na dakika 56. Kwa kawaida safari hiyo huchukua karibu saa saba. Ukiitazama kutoka ardhini, ilikuwa ikipita kilomita 1,300 kwa saa, na mashine zake hazikuongeza kitu. Upepo wa tezi, kama anavyosema babu. Waliokuwa wakienda upande wa pili siku hiyo walikiona cha moto.

MpishiWaShela (Shela)

Na ile ndege yenye mdomo kama chuchunge? Si ilikuwa inawahi kuliko zote?

MwalimuRamani (Malindi)

Concorde. New York mpaka London mwaka 1996 ilitumia saa 2 na dakika 52 na sekunde 59, na rekodi hiyo ya ndege ya abiria haijavunjwa. Iliacha kubeba abiria mwaka 2003. Ilikunywa mafuta kama punda aliyetoka Matondoni mchana, na ilibeba watu mia moja tu. Kwa Nairobi–New York isingefika bila kuteremka njiani.

FundiWaHesabu (Mpeketoni)

Mimi nimekaa na kalamu. Ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Tuseme upepo wa wastani njia nzima ni kilomita 30 tu kwa saa. Kwenda: 11,840 kwa 870, saa 13 na dakika 37. Kurudi: 11,840 kwa 930, saa 12 na dakika 44. Tofauti dakika 53. Ongeza ile nusu saa ya mwalimu ya kupaa na kushuka, na kule kutambaa uwanjani kabla ya kupaa na baada ya kutua, maana tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inaposimama, na tiketi ya mama imekaribia kukamilika.

Nilidhani utahitajika upepo wa kutisha kupoteza saa nzima. Kumbe upepo wa kilomita 30, ambao hapa Mpeketoni ni wa kutikisa migomba tu, unatosha, kwa sababu unakusukuma kifuani saa 13 bila kupumzika.

BintiShela (Shela)

Nyinyi mnagombania saa moja. Sisi tulipoteza safari nzima kwa sababu ya Jumanne.

Mwaka juzi ndugu yangu alikuwa anakwenda kusoma. Tiketi imeandikwa Jumanne, 00:30. Tukasoma vizuri, saa sita na nusu usiku, Jumanne. Tukapanga: Jumanne asubuhi tunavuka Manda, tunapanda ndege ndogo, mchana tuko Nairobi, tunakula, usiku anaondoka. Sanduku likafungwa Jumatatu jioni. Nyumba imejaa watu, biriani, kaimati, kina mama wanalia kidogo kidogo kama desturi.

Bibi yetu alikuwa amekaa kitandani anavuta uradi. Akauliza: "Anaondoka lini?" Tukamwambia usiku wa Jumanne. Akaangalia dirishani, jua limezama, maghrib imeshaadhiniwa. Akasema: "Basi si ndio huu? Mbona bado yuko hapa?"

Tukacheka. Wallahi tulicheka. Tukamwambia bibi, leo ni Jumatatu. Akasema, "Jumatatu imekwisha na jua lake." Akaendelea na tasbihi.

Jumanne mchana tuko kaunta Nairobi, binti wa kaunta anaangalia kompyuta, anatuangalia sisi, anaangalia tena kompyuta. Ndege ilikuwa imeondoka saa kumi na nne zilizopita. Saa sita na nusu za usiku wa kuamkia Jumanne. Usiku ule ule wa biriani. Kwa hesabu ya bibi, siku huanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Jumanne hutangulia mchana wake, na tiketi ilikuwa inakubaliana na bibi kwa kila kitu. Sisi tuliosoma ndio tuliokosea.

Faini ya kubadilisha tiketi siitaji, bado baba hajapona.

Kwa hiyo MlalaBaraza, ya mama ni saa ngapi na ni tarehe gani? Soma tena sasa hivi.

MlalaBaraza (Amu)

Nimekimbia kuisoma. Inaondoka saa tano na dakika 25 usiku, kwa hiyo iko upande salama wa usiku. Alhamdulillahi. Lakini moyo umenidunda.

DerevaWaWatalii (Malindi)

Mimi huwabeba Waitaliano kutoka uwanja wa Mombasa kuwaleta Malindi na Watamu, maana njia ya kurukia ya hapa kwetu ni fupi, ndege kubwa hazitui. Milano mpaka Mombasa ni kilomita 6,300 hivi. Nimewauliza wageni wangu miaka yote, kwenda na kurudi kwao ni karibu sawa, saa nane na kitu. Sasa ndio nimeelewa sababu. Wao wanakuja kutoka kaskazini kwenda kusini, ule mkondo wa mwalimu wanaukata ubavuni. Haumsaidii mtu wala haumzuii sana.

Ila kuna jambo hamjaligusa. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la mchana linaifanya nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 inapata taabu kunyanyuka. Ikipaa usiku kumepoa, ina nafuu. Addis iko juu zaidi, mita 2,300 na kitu. Kwa miaka mingi Waethiopia walipokuwa wanakwenda Washington walitua Dublin kujaza mafuta, halafu wakirudi kutoka Washington wanakuja moja kwa moja bila kutua. Njia ile ile! Kwenda ni kupanda hewa nyepesi na upepo wa omo, kurudi ni kuondoka karibu na usawa wa bahari na upepo wa tezi. Hiyo si saa moja, ni kituo kizima.

InjiniaMwenyewe (Amu)

Sawa, mmenibana. Lakini sijatoa halua bado. Nina swali. Nimefungua ramani ya ukutani, nimeweka rula Nairobi–New York. Rula inapita Nigeria, inatokea Moritania. Halafu mtandaoni naona ndege inazungukia juu, inapita karibu na Moroko. Kama upepo unawasumbua huko juu, kwa nini wasifuate rula?

MwalimuRamani (Malindi)

Tupa rula. Chukua mpira na uzi, uzi wa kweli, si huu tunaoandika. Weka alama ya Nairobi, weka ya New York, kaza uzi baina yake. Utaona wenyewe unapanda: Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, unatokea baharini Moroko, unakata Atlantiki, unafika juu kidogo kuliko New York kisha unashuka. Huo ndio mfupi. Rula yako imelala juu ya dunia iliyochunwa ngozi na kubandikwa ukutani, ndiyo maana inakudanganya.

Na hata uzi si amri. Rubani atauacha akwepe vita, akwepe ngurumo, au akwepe upepo wenyewe. Juu ya Atlantiki ya kaskazini njia hupangwa upya kila siku kufuatana na upepo, za kwenda mbali na za kurudi. Wanaorudi mashariki wanautafuta mkondo wapande juu yake. Wanaokwenda magharibi wanaukimbia. Kilomita zinaongezeka, saa zinapungua. Tangu 2022 anga ya Urusi ilipofungiwa ndege za nchi nyingi, Helsinki kwenda Tokyo imetoka saa tisa na nusu hivi ikawa kama 13. Miji haijasogea hata hatua moja.

MjukuuWaNahodha (Matondoni)

Babu amefurahi sana hapo pa kuongeza kilomita ili upunguze saa. Amepiga goti lake. "Wewe unadhani tulikuwa tunakwenda Maskati kwa rula?"

Pia ameuliza ndege hupima kwa nini. Nikamwambia kwa maili za bahari, na mwendo kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa, kama chomboni. Maili moja ya bahari ni kilomita 1.852, dakika moja ya latitudo. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi wametuiba." Alikuwa anatabasamu.

UmmuSalim (Mombasa)

Naomba nimsaidie huyu mama badala ya kubishana. Nimeshakwenda mara tatu kwa mwanangu.

Kaka, mwambie mama ukweli: saa 15 ni nusu ya safari. Hesabu mlango kwa mlango. Akitoka kwenu saa tatu asubuhi, atatembea mpaka gatini, boti mpaka Manda robo saa hivi, asubiri, ndege ya Nairobi kama saa moja na robo. Angalia sana inatua wapi. Nyingine hutua Wilson, nyingine uwanja mkubwa. Ikitua Wilson kuna foleni ya magari ya kuvuka Nairobi na sanduku. Kisha akae uwanjani mpaka saa tano usiku. Halafu ndio saa 15 zianze.

Akitua New York ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi ya huko, na kwenu Lamu itakuwa saa nane na dakika 25 mchana, kwa sababu msimu wa baridi wako nyuma yetu saa nane. Wakifika miezi ya joto wanasogeza saa zao, inakuwa saba. Kwa hiyo tangu alipovaa buibui mlangoni kwenu zimepita saa 29 na kitu. Ongeza foleni ya pasipoti na gari mpaka kwa dada, 32. Hiyo ndiyo namba ya kumpa.

Agiza kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, hakilipiwi, na ndiyo dawa ya magoti na ya zile foleni. Kiti cha ujia, si cha dirisha, asimwombe mtu radhi kila akitaka kuinuka. Ainuke kila saa mbili. Dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Achari ya embe msimfungie, nilinyang'anywa yangu nikalia.

Jingine: usiku utamchosha akili. Anakimbia mbele ya alfajiri. Ataondoka usiku, ataruka saa kumi na tano usiku, na atatua bado giza au ndio kunapambazuka. Mara ya kwanza nilidhani saa yangu imekufa.

ShekheWaPwani (Lamu)

Na akija kusafiri Ramadhani mchana kuelekea magharibi ni kinyume chake, jua halitui upesi. Kwenye latitudo kama nyuzi 57, mbali kaskazini, ardhi inazunguka kwa kasi ileile ya ndege, jua linasimama dirishani kama limegandishwa. Msafiri ana ruhusa ya kula akalipa baadaye, asijitese. Sala asali kwenye kiti akishindwa kusimama.

MpishiWaShela (Shela)

Ya singapori ni ndefu zaidi au?

MwalimuRamani (Malindi)

Singapore–New York, kilomita 15,300 na kitu, karibu saa 19. Mama ana nafuu.

MlalaBaraza (Amu)

Wiki tatu baadaye. Naleta hesabu.

Mama amefika. Tulimvusha Manda na boti, akashika mkono wa nahodha mpaka wa pili, amevaa viatu vya mpira na soksi mbili. Kiti cha magurudumu alikikataa Manda, "mimi si mgonjwa", akakikubali Nairobi, na New York hakutaka kukiacha.

Pembeni yake alikaa mwanafunzi wa Kisumu, Mungu ambariki. Kwenye ile skrini ya kiti kuna ukurasa wenye ramani, kindege kidogo na namba. Mama hajui namba hizo ni za nini, lakini nilikuwa nimemwagiza. Alipomuuliza yule kijana, akamsomea kwa Kiswahili: juu ya Atlantiki, upepo wa mbele, kilomita 64 kwa saa. Mama akampigia dada akamwambia, dada akaniandikia mimi, mimi nikaibeba simu mpaka Mkunguni kama hati ya kiwanja. Tangu magurudumu yalipoacha ardhi Nairobi mpaka yalipogusa New York, saa 14 na dakika 22. Mlango kwa mlango, saa 33. UmmuSalim umekosea saa moja tu, nayo ni ya sanduku lililochelewa.

Usiku, kama ulivyosema. Mama anasema alisali alichoweza, akalala, akaamka usiku, akalala, akaamka usiku, akamuuliza msichana wa ndege kama kumetokea jambo. Saa ya mkononi amekataa kuibadilisha. Iko Amu. Ananipigia saa saba za usiku wetu kuniuliza kama nimekula, halafu anasema, "Ah, kumbe huku ndio magharibi."

Mzee wa bakora nilimsomea ile 64. Akatikisa kichwa kidogo, akaomba kahawa.

Injinia amelipa kilo moja. Ya pili amegoma. Anasema tumethibitisha kwenda tu, na dau lilikuwa la tofauti, kwa hiyo mpaka mama arudi na namba ya kurudi. Nimeona ana hoja. Tiketi ya kurudi ni baada ya arubaini, na yule mwanafunzi hatakuwepo, kwa hiyo dada anamfundisha mama kusoma skrini.

MpishiWaShela (Shela)

Hiyo kilo moja imebaki kiasi gani? Nakuja na boti ya saa kumi.